Majina Ndani ya Mfuniko

Saa ilinuka maji. Hilo ndilo lililomshtua kwanza fundi Cuthbert, maana Oktoba ile ya 1994 Newala nzima ilikuwa kavu, na wanawake waliteremka bondeni alfajiri wakarudi na ndoo moja tu.

"Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba, Mama Zena," fundi akaitikia. "Pole tena na msiba."

"Tumeshamaliza arobaini. Tukagawana vitu vya Baba Zena, Zena akachukua saa." Adija akashusha sauti. "Tangu aivae hali, halali. Anahesabu tu moja mpaka sitini, kwa sauti ya kiume. Bi Stamili, mganga wa Nanganga, kasema jini halitoki mpaka aujue umri wa saa. Nisaidie. Nimebaki na mtoto huyu huyu."

Cuthbert alikuwa amechoka. Tangu biashara iwe huria soko lilijaa saa za plastiki, za kuvaa na kutupa, na yeye alibaki kubadilisha betri. Usiku usingizi ulimkimbia. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akaweka lenzi jichoni.

Ilikuwa saa ya Uswisi, yenye vitufe viwili ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha mshale mwembamba wa kupimia mbio. Rangi ya namba ilishageuka kahawia. "Ya miaka ya hamsini hii," akanong'ona. Akafungua mfuniko wa nyuma. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili na bado mshale ulikwenda, na kadiri alivyoinama ndivyo harufu ya maji ya kisima ilivyomjaa puani, ubaridi ukampanda kutoka vidoleni mpaka viwikoni, na ile tik tik ikafuatana na mapigo ya moyo wake asijue kipi kinamwongoza mwenziwe.

Ndani ya mfuniko yalikwaruzwa majina. Benedikto 1955. Cyril 1968. Silvano 1981. Alfani 1994.

Akashusha pumzi. Ndivyo walivyo mafundi saa, kila anayefungua huacha jina na mwaka.

"Wenzangu hawa. Wa kwanza aliifungua hamsini na tano, basi mwambie Bi Stamili ni ya hamsini na tatu hivi. Saa niachie." Kisha, kwa mazoea ya miaka thelathini, akachukua sindano akakwaruza: Cuthbert 1994.

Siku ya tatu Adija akarudi na Zena, binti akitafuna muhogo wa kuchoma.

"Kabla Bi Stamili hajawasha hata ubani, mtoto akaomba uji," Adija akasema, machozi yakimlengalenga. Cuthbert alifurahi kama aliyeponyewa mwanawe.

Zena akainamia mfuniko ulioachwa wazi mezani. "Mbona jina la baba limo humu?"

"Lipi?"

"Alfani."

"Kwani baba yako alikuwa fundi?"

"Mkulima wa korosho tu, babu."

Miaka yote Cuthbert alimjua marehemu kwa jina la Baba Zena. Nani angemwita mtu mzima jina lake? Akashika sindano alifute la kwake. Mshale ukasimama, ukangoja. Akamtazama Zena akilamba vidole, akaelewa ni jina gani lingefuata akilifuta lake.

Akaiweka sindano chini.

"Nendeni nyumbani, Mama Zena. Mtoto apumzike."

Walipoondoka akaivaa saa. Ilikuwa baridi. Moja, mbili, akajisikia akihesabu, na usingizi alioutafuta mwaka mzima ukaanza kumjia.