Afedra na Sahani ya Wakwe

Afedra alikuwa fundi baiskeli wa Onduparaka. Kazi aliijua, na maneno hayakumpiga chenga. Lakini mbele ya watu hakula kamwe. Wenzake wakinawa mikono mchana, yeye alijifanya ana gurudumu la kuziba. Alikula nyuma ya kibanda, peke yake.

Siku alipokwenda Lobule kumposa mchumba wake Kiden, ujanja ulimwishia. Aliwekewa ugali wa muhogo na kuku. Wazee wote wakamtazama. Alikata tonge, akalirudisha sahanini. Jasho likamtoka.

Mzee Yakani, baba wa Kiden, mwanajeshi mstaafu, akakunja uso. "Kijana, chakula iko mbele yako. Unaogopa sumu? Nyumba yangu iko na wachawi?"

"Hapana, mzee."

"Basi kula!"

Lo! Hakuweza. Na kukataa chakula cha wakwe ni tusi kubwa.

"Rudi kwenu," Yakani alisema. "Hapa mke hakuna."

Kiden alimkimbilia njiani pamoja na shangazi yake Elena, muuguzi wa kituo cha afya. "Niambie kweli," Kiden alilia. "Unatudharau?"

Afedra akatoa siri ya miaka ishirini. "Shuleni wavulana walitia mchanga kwenye posho yangu, ule ugali wa shule. Kila mchana. Walinilazimisha nile, darasa zima likicheka. Mpaka leo nikitazamwa, nasikia mchanga mdomoni."

"Pole, mwanangu," Elena alisema. "Huo si uoga wala uchawi. Mtoto akionewa shuleni, jeraha linaweza kubaki moyoni hadi ukubwani. Lakini linatibika. Usilifiche. Njoo kituoni, kuna mshauri. Na uanze kidogo kidogo. Leo kula na Kiden tu."

Alianza na ndizi moja. Siku nyingine alishindwa, akaona haya, akarudi tena. Baadaye alimruhusu Elena amweleze Yakani yote.

Baada ya miezi minne aliitwa Lobule. Sahani ikaletwa. Afedra alikata tonge, akalirudisha tena! Kiden alifumba macho.

"Wazee, geuzeni viti!" Yakani aliamuru. Wote wakatazama barabara. Yeye akaketi kando ya Afedra, akamega ugali kwenye sahani ileile. "Jeshini walinifanyia hivyo mimi pia," alisema polepole. "Kula, mwanangu. Hakuna mtu anaangalia."

Afedra alikula tonge moja. Akala la pili.

"Naomba mchuzi," akasema.

Wazee wakageuka, wakacheka. Afedra akacheka nao, chakula kikiwa mdomoni.