Tera Kumi na Sita za Donat

"Donat, video ya mama uilete leo. Papa anataka kuiona mbele ya jumamosi."

Donat alisoma ujumbe wa Charline akiwa ameketi mbele ya boksi la diski lenye taa nyekundu. Wiki tatu nzima taa ile ilikuwa nyekundu, na wiki tatu nzima alikuwa akimjibu mchumba wake, "Ningali naipanga, chérie."

Donat alikuwa akipiga video za harusi Goma nzima. Kazi yake yote ya miaka tisa ilikuwa ndani ya boksi lile, alilolifunga kwenye wifi ya nyumba yake ya Himbi. Humo ndimo ilimokuwa video ya dote, sherehe ya mahari, ya dada wa Charline, pale mama yao, Kanyere, alipowabariki mabinti wake. Mama Kanyere alifariki mwaka jana, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Jumamosi ilikuwa dote ya Charline mwenyewe, na baba yake alitaka baraka ile isikike mbele ya watu wote.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Charline.

— Hii taa nyekundu ni ya nini?

— Diski moja imekufa.

— Si tulinunua mbili? Moja inakopi ingine. Nilikuambia pale kwa muuzaji, sokoni Birere.

Donat akaangalia viatu vyake.

— Sikufanya vile. Ukikopi, unabaki na nafasi ya tera nane. Ukiunganisha, unapata kumi na sita. Niliunganisha. Moja ikikufa, zote zimeenda.

— Lakini uliniambia umefanya vile nilisema.

— Nilikudanganya. Nilitaka kujisifu kwa wateja kwamba niko na nafasi kubwa. Na nilisikia haya kufundishwa mashine na wewe, mutu wa kuuza dawa.

— Kadi za kamera?

— Nilizifuta. Mafundi wawili wamejaribu, wamesema basi.

Charline hakulia. Afadhali angelia.

— Diski ningekusamehe, inakufa kama kitu chochote. Lakini wiki tatu umeniacha namushonesha Papa shati ya kuvaa akimwangalia mama.

Donat alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Twende kwetu, Charline akasema. Utamwambia kwa kinywa chako. Na usiseme ni courant, ati umeme ulikatika.

Donat akashtuka, maana uongo wa courant ulikuwa umekwisha kuiva kwenye ulimi wake.

Muzee Paluku, baba yake Charline, aliwapokea sebuleni akiwa amevaa shati lile jipya, analijaribu. Donat alieleza kwamba diski zimekufa na sauti ya mama imepotea. Muzee akauliza kwa upole:

— Ni courant iliharibu, mutoto wangu?

Jamani, mlango wa kutorokea, umefunguliwa na baba mwenyewe! Donat akamtazama Charline. Charline alikuwa anaangalia ukuta.

— Hapana, Papa. Ni mimi. Nilichagua vibaya, halafu nikadanganya mutoto wako.

Muzee akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akaingia chumbani. Walimsikia akilia. Alipotoka alikuwa na shati la zamani.

— Jumamosi uje, akasema. Watu wakiuliza sauti ya mama yake, utawajibu wewe.

Na jumamosi waliuliza. Donat akasimama na mikro mkononi mbele ya familia zote mbili, na wateja wake wanne wamo, akasema yote tangu mwanzo. Mashangazi wakanong'ona. Mama yake mwenyewe akainamisha kichwa. 

Kisha Muzee akamgeukia binti yake, kama desturi inavyotaka.

— Charline, umesikia mutu huyu. Tupokee vitu vyake vya dote, ao tumrudishie?

Charline akaviangalia vile vitu. Watu wakaanza kukohoa. Donat akajiambia kwamba akirudishiwa, ni haki yake.

— Mupokee, Papa.

Vigelegele vikapasuka. Charline akaja kuketi kando yake, akamwinamia sikioni.

— Sijakusamehe bado, Donat. Nimekuchagua tu. Kusamehe, unipe siku.

Donat akaitika kwa kichwa. Alishindwa kumtazama usoni, lakini mkono aliopewa aliushika.