Sumu Iliyowachagua Sato

Alfajiri ya Jumamosi sato wa Mwanne walikutwa wakielea bwawani Kigwa matumbo juu, wengi hata kunguru wakakosa pa kuanzia. Aliyepiga yowe la sumu ni jirani yake, Shomari, muuza dawa za mifugo. Kufikia saa tatu kijiji kilishahukumu: Mwanne aliwategea sumu ng'ombe wa watu wanaomchafulia maji, ikamgeukia. Mwenyekiti Ezekia akamtaka Koplo Koleta amfunge pingu, bwawa apewe mwingine.

"Pingu ni zangu, Mwenyekiti," Koleta akasema. "Nikizitaka nitazitoa."

Akazunguka bwawa. Sato wamekufa vinywa wazi. Kambale wazima, wanapanda juu kuvuta hewa na kuzama. Bata wa Shomari wanaogelea. Maji, juzi ya kijani kama kisamvu, leo rangi ya chai. Wafugaji na ng'ombe wao walikuwa mnadani Nzega tangu Alhamisi. Alipoulizwa, Mwanne akajibu kwamba hajatia kitu, na hahami hata wamburute. Koleta akampigia simu afisa uvuvi, wakaongea mpaka salio likaisha.

Saa kumi mkutano ukakaa ukingoni.

"Shomari, bado ni sumu?"

"Kali, afande. Ng'ombe angekufa wima."

"Mbona bata wako wanainywa toka asubuhi na hujawaita?"

Watu wakageukia bata. Shomari akasema bata ni wakaidi.

Koleta akaeleza, kama alivyoelezwa na afisa uvuvi, kwamba ule ukijani ni mwani, vimea vidogo visivyoonekana kimojakimoja. Mwani huyapa maji hewa. Bakteria hula masalia yake na kuurudishia rutuba. Wanaishi kama mke na mume. Mwani ukifa wote kwa mpigo, bakteria hushukia matanga, hula na kuvuta hewa yote. Sato hukosa pumzi. Kambale huifuata juu.

"Kuna aliyeuua kwa mrututu, ile dawa ya buluu ya kwato za ng'ombe."

"Kilo mbili haziui samaki!" Shomari akadakia. "Zinaua mwani tu."

"Kilo sijazitaja mimi."

Hapo yakamtoka: aliliomba bwawa akanyimwa, mwanamke ndiye akapewa. Alitaka sato wakose mwani wa kula, wakonde, Mwanne akate tamaa. Walipokufa, akaona heri wafe pamoja na jina la Mwanne.

Ezekia akakohoa, akashauri yaishe kindugu, Shomari atoe bata kama fidia.

"Bata akae nao," Mwanne akasema, akasimama mbele ya Shomari. "Asubuhi ulinitangaza mpaka stesheni ya treni wakasikia. Sasa unitangaze tena, kwa sauti ile ile, kwamba sina hatia."

Shomari akanong'ona.

"Huku nyuma hatusikii," mtu akapaza sauti.

Shomari akaanza upya.