Baiskeli Isiyosikika

Yakubu alikuwa mpeleka mikate mjini Kisangani. Kila siku, kabla jua halijatoka, mke wake Safi alimpa chai na muhogo wa kuchemsha. Kisha Yakubu alipanda baiskeli yake, akaenda tanuruni kuchukua mikate ya moto. Kutoka tanuruni alifuata njia ya kando ya mto. Watu wa miguu walipita hapo, na wenye baiskeli walipita hapo hapo.

Ulikuwa mwaka 1965. Uasi dhidi ya serikali ulikuwa umepita, lakini mji ulikuwa bado kimya. Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Milango yake ilifunguka na kujifunga kwa upepo. Watu walizungumza kwa sauti ndogo hata mchana. Na asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni, mweupe, mzito, ukaifunika njia yote. Ukinyoosha mkono, huvioni vidole vyako.

Wakati wa uasi, watu wenye bunduki walinyang'anya baiskeli. Kwa hiyo Yakubu aliondoa kengele yake. Akaondoa na taa. Akautia mnyororo mafuta mengi ili usilie. Alijifunza kupita bila kusikika. Vita vilikwisha, lakini mazoea yale yalibaki miguuni mwake.

Asubuhi moja Safi alikaa karibu naye, akamwambia polepole:

"Yakubu, weye unapita njia ya mto kila siku. Haujaona kitu?"

"Kitu gani?"

"Wanawake wanasema kwenye bomba la maji. Iko mutu kule, lakini si mutu. Hatembei, anateleza. Unasikia baridi kwa mugongo. Ukigeuka, amekwisha kupita. Juzi alimugusa jirani yetu Georgette kwa bega, kitambaa kikapasuka. Wanasema ni mutu aliyekufa kwa uasi, anatafuta nyumba yake."

Yakubu aliweka kikombe chini.

"Safi, mimi nimewaona."

"Umewaona? Wako wangapi?"

"Wengi. Wanasimama katika ukungu, weusi, bila uso. Nikifika karibu, wanaruka katika majani na kupotea. Hawasemi kitu. Sikutaka kukuambia."

Safi alimshika mkono. "Basi usipite kule tena."

"Barabara kubwa iko mbali, mikate itapoa. Nitapita haraka."

Na kweli, siku hiyo alipita haraka kuliko siku zote. Aliinama juu ya usukani. Hakutaka kitu chochote kimsikie. Ukungu ulimlowesha uso. Kushoto kwake mto ulipiga mawe, lakini hakuuona. Mbele yake kivuli kilitokea, kikaruka, kikapotea. Kisha kingine. Yakubu alikanyaga pedali kwa nguvu zote.

Njia ile ilifika kwenye barabara ya magari. Hapo palikuwa na mistari myeupe ya kuvukia watu wa miguu. Mistari ilikuwa imefifia. Watu waliivuka ili kushuka mahali pa mitumbwi ya kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Yakubu naye aliivuka kila siku, lakini hakushuka kwenye baiskeli hata mara moja. Alitoka njiani mbio, akapita juu ya mistari, akaingia upande wa pili.

Siku hiyo aligonga kitu laini. Baiskeli ilianguka. Mikate ilitawanyika barabarani.

Sauti ya mwanamke ililia katika ukungu: "Usinichukue! Niko na watoto! Mimi sikukaa katika nyumba yako! Usinichukue!"

Nywele za Yakubu zilisimama. Alidhani ameligonga moja la yale mazimwi ya ukungu. Aliinuka akimbie. Ndipo mguu wake ulipokanyaga kitu cha duara, chenye joto, kilichofungwa kwa majani. Ilikuwa chikwange, mkate wa muhogo. Wafu hawauzi chikwange. Yakubu alisimama.

"Mama?" aliita.

Wakati huo huo filimbi ililia kwa ukali. Mtu alipiga kelele: "Simama! Simama!" Taa mbili za lori zilitokea katika ukungu kama macho. Lori lilisimama hatua mbili kutoka kichwani mwa mwanamke yule.

Aliyepiga filimbi alikuwa Timothée, polisi wa barabarani. Alimwinua mwanamke. Alikuwa Mama Berthe, muuza chikwange. Kiwiko chake kilitoka damu, na mkono ulikuwa umepinda vibaya.

Mama Berthe alimtazama Yakubu, kisha akaitazama baiskeli.

"Ni weye?" aliuliza. "Ni weye siku zote? Kitu kinachopita kwa mugongo wetu, ni weye?"

Sasa Yakubu alielewa. Vivuli vyote vilivyoruka majanini vilikuwa wanawake wa chikwange, wavuvi na wagonjwa wa zahanati. Walikuwa wakimkimbia yeye. Na yeye alikuwa akiwakimbia wao.

Dereva wa lori alishuka, jasho likimtoka. "Niliona mistari, nikapunguza mwendo," alisema. "Nilitazama kama iko mutu anayetembea. Mutu wa miguu ninamwona kwa wakati. Lakini kinga hii, baiskeli hii, ilitoka kama risasi! Nilidhani nimewaua wote wawili."

Walimkalisha Mama Berthe juu ya baiskeli. Yakubu aliisukuma hadi zahanati. Huko mkono wa mama ulifungwa kwa mbao na bendeji.

Kesho yake alfajiri, Timothée alimwita Yakubu kwenye njia ya mto.

"Lete kinga yako," alisema. "Halafu tembea mbele. Usigeuke."

"Chef, mukubwa wangu, kwa nini?"

"Tembea tu, papa Yakubu."

Yakubu alitembea peke yake katika ukungu. Alisikia mto. Alisikia moyo wake. Hakusikia kitu kingine. Ghafla baridi ilimpita shingoni, na kitu kikagusa mkono wa shati lake. Yakubu alipiga kelele na kuruka majanini.

Timothée alisimamisha baiskeli mbele kidogo, akarudi.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Yakubu. Alikuwa bado amekaa chini katika majani. "Na nilijua ni weye. Wao hawakujua."

Timothée alikaa karibu naye.

"Papa Yakubu, najua kwa nini uliondoa kengele. Mimi pia nilijificha miezi ile. Lakini sasa lazima watu wakusikie. Njia hii ni ya wote, na mutu wa miguu ni wa kwanza, kwa sababu hana chuma cha kumukinga. Weye kaa kuume. Enda polepole, hata ukichelewa. Ukitaka kupita mutu, piga kengele ungali mbali, mara moja au mbili, si kwa kumufukuza. Ngoja akusikie. Halafu pita kushoto kwake, na uache nafasi ya mukono muzima kati yenu."

"Na kama watu wamejaa njia?"

"Unashuka, unasukuma. Na ukungu ukiwepo, unawasha taa. Si kwa weye kuona tu. Ni kwa wengine wakuone."

"Na mistari ile?"

"Bon, sikiliza. Mistari ile ni ya watu wa miguu. Ukitaka kuvuka pale, shuka kabla ya kufika. Simama. Tazama kushoto, tazama kuume, tazama kushoto tena. Sukuma kinga kwa mukono. Hapo weye pia ni mutu wa miguu, na gari litakungojea. Lakini ukivuka umekaa juu yake, dereva hana wakati wa kukuona. Na ukiwa unaendesha barabarani, ukakuta mutu kwenye mistari, ni weye unayesimama. Yeye apite kwanza."

Jioni Yakubu na Safi walikwenda kumwona Mama Berthe. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono kifuani. Yakubu alipiga magoti.

"Mama, naomba pardon. Safi atakupikia chikwange mupaka upone, na mimi nitaipeleka sokoni."

"Nitaikubali," alisema Mama Berthe. "Lakini hiyo haitoshi. Mwaka muzima tulitembea kimya, tunasikiliza nani anakuja nyuma. Sina nguvu tena ya kuogopa mugongo wangu. Kila ukipita karibu nami, nataka nikusikie. Sema hata jina lako."

"Nitasema, mama."

Yakubu alifunga kengele. Alinunua taa. Asubuhi alipokuwa akipita, aliita: "Pardon, ni Yakubu wa mikate!" Mwanzoni watu bado waliruka majanini. Baada ya wiki moja waliacha kuruka. Baada ya wiki mbili walianza kumjibu kutoka ndani ya ukungu: "Pita, Yakubu!" Alichelewa kidogo kumaliza kazi, lakini hakuna aliyelalamika. Kwenye bomba la maji wanawake walicheka, wakamtania Safi kwamba ameolewa na mzimu. Mkono wa Mama Berthe ulipona, akarudi na kapu lake.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, ukungu ulikuwa mzito kuliko wote. Yakubu alifika kwenye mistari ya kuvukia. Alishuka. Alisimama, mkono kwenye usukani. Hakuona mtu. Hakusikia sauti. Barabara ilionekana tupu.

Lakini alingoja. Na mbele yake, katika ule weupe, kitu kilianza kupita.

Kilikuwa kirefu na hakikuwa na mwisho. Kilipita taratibu, bila neno. Mwili wa Yakubu ulisisimka. Aliinua taa yake.

Walikuwa watoto. Kila mmoja alishika shati la mwenzake aliyetangulia. Walikuwa peku. Shule ilikuwa imefunguliwa tena asubuhi hiyo, na mwalimu wao, Adèle, aliwaongoza. Watoto wale walifundishwa wakati wa vita kutembea bila kelele, na hawakuwa wamesahau. Yakubu aliwahesabu. Kumi. Ishirini. Thelathini na wanne. Akaegemea baiskeli. Alifikiri jinsi alivyokuwa akipita hapo zamani, kichwa chini, kwa nguvu zote.

Mwalimu Adèle alirudi nyuma kutazama kama wote wamevuka. Taa ya Yakubu ilimwangaza usoni.

"Papa, tumekuchelewesha," alisema. "Pita sasa."

"Hapana, mwalimu," alisema Yakubu. "Wafike kwanza kule ng'ambo."

Alisimama pale mpaka mtoto wa mwisho alipopanda ukingo wa barabara. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena, akaanza kusukuma.