Cheti Kilichovalishwa Plastiki

Fundi makochi alikuwa na ugomvi na vumbi. Kochi la sebuleni kwake bado lilikuwa na nailoni ya dukani, na huu ulikuwa mwaka wa saba. Ukilikalia, linalia. Rimoti ilivaa nailoni. Kalenda ilivaa nailoni. Mkewe alikuwa akisema anaogopa kulala sana, asije akaamka naye kavalishwa nailoni.

Jumatatu binti yao aliingia na kuurusha mkoba juu ya kochi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja ng'ambo. Pasi alikuwa nayo, barua ya chuo alikuwa nayo. Ilibaki viza.

"Baba, nani kakivalisha plastiki cheti changu cha kuzaliwa?"

"Mimi. Nilikipeleka stesheneri, wakakipitisha kwenye mashine. Hujaona kinavyong'aa?"

"Ubalozini wamekikataa. Yule wa dirishani kasema hiki si cheti, ni menyu ya hoteli. Foleni nzima ikacheka."

"Ana wazimu huyo. Kinasomeka mpaka nukta."

"Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Ungeniuliza kwanza, baba. Neno moja tu."

"Nikuulize wewe? Cheti hicho nilikihangaikia mimi, wewe ukiwa mchanga, hujui hata kukaa."

Fundi akachukua wembe. "Lete. Nakibandua sasa hivi."

Binti akakishika upande wa pili, hakiachii.

"Vuteni," mama akasema. "Kikikatika, kila mtu atabaki na nusu ya tarehe."

Kelele zilimleta jirani wa mlango wa pili. Alikuwa mama mmoja, karani wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Hata hodi hakupiga.

"Shemeji, weka huo wembe chini."

"Nakivua nguo tu hiki."

"Utakivua na ngozi. Gundi imeshashika wino. Ukibandua, maandishi yatabaki kwenye plastiki. Ofisini watu wanakuja kila wiki, wamebeba vipande kwenye bahasha."

"Kwani plastiki ina kosa gani? Nilikuwa nakilinda."

"Ofisa anataka kupitisha kidole juu ya muhuri, ajue ni wa kweli. Anataka kuona mgongo wa cheti. Chini ya plastiki, hata cha kughushi kinang'aa."

Fundi akakiinamia cheti, akautafuta muhuri kwa kidole.

"Sasa nifanyeje, mama mdogo?" binti akauliza.

"Kesho asubuhi njoo ofisini na hicho hicho, maana namba ya usajili iko hapo juu. Njoo na baba yako, na vitambulisho vyenu. Utajaza fomu, utapewa kipya baada ya siku chache. Kikitoka, toa nakala. Hizo nakala zifunike mnavyotaka. Cheti halisi kiweke kwenye bahasha, mahali pakavu." Akamtazama. "Na ile orodha ya ubalozi, uliisoma?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Na wa pili?"

Binti akaitoa mkobani. Alikuwa nayo mwezi mzima. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu: vyeti halisi visifunikwe kwa plastiki.

"Ahaa," fundi akasema. Wembe akauweka mezani taratibu. "Kumbe tulikuwa wawili."

Kesho yake walikaa benchi moja ofisini, wameacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Lakini jioni binti alileta barua ya mzazi ya kujaza na kutia saini, nayo ilikuwa imetajwa ukurasa wa pili. Fundi alinawa mikono. Akaisoma yote, akaanza kujaza.

"Hapa wanataka majina kama yalivyo kwenye pasi, au kwenye kitambulisho?"

"Kwenye pasi. Umeruka jina la babu."

"Sijaruka. Nilikuwa nafika."

Cheti kipya kilitoka Jumanne ya wiki iliyofuata. Jumatano ofisa wa dirishani alipitisha kidole, akageuza nyuma, akapokea karatasi zote. Baada ya wiki mbili viza ilikuwa ndani ya pasi.

Binti akampa baba yake pasi. "Kagua jina na tarehe. Wakati mwingine wanakosea."

Fundi alikagua jina. Akakagua tarehe ya kwenda, kisha ya kurudi. Akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Miezi mitano," alisema, na sauti bado ilikuwa ya ugomvi. "Wewe ulisema muhula. Miezi mitano hukuitaja."

"Nilidhani unajua, baba."

"Sikujua."

Akamrudishia pasi, akatoka nje, akaanza kugonga misumari kwenye kochi la mteja, kwa nguvu ambazo kochi lile halikuzihitaji.