Unga wa Njano wa Dokta Bata

Siku aliyomzika mkewe, Dokta Bata alirudi nyumbani akakuta ufagio wa banda umeegemea mlangoni, palepale alipouacha marehemu. Bwawani, bata waliobaki waliogelea taratibu, kama vile hakuna aliyepungua.

Ndugu zangu, hakuwa daktari. Majirani walimpachika jina hilo kwa sababu ya unga wake wa njano, dawa ya bakteria iliyowahi kukomesha kuhara bandani. Tangu hapo, kila ugonjwa dawa yake ilikuwa ileile.

Mvua zilipozidi, majani makavu wanayolalia bata yakalowana, yakaota ukungu.

"Baba watoto, haya majani yananuka," mkewe alisema. "Na bata wanahema midomo wazi, sauti hawatoi."

"Ongeza unga kwenye maji."

"Wiki ya pili hii naongeza. Peleka mmoja aliyekufa maabara, wampasue."

"Nibebe maiti ya bata njia nzima? Watu watanicheka."

"Kwani sasa hawakucheki, Dokta?"

Mume alicheka naye, akachukua jembe, akamfukia bata. Kisha, kwa huruma, akawatandikia wagonjwa majani mengi zaidi ya yaleyale, wapate joto.

Kila asubuhi mkewe alifagia, vumbi la kijivu likimpanda usoni. Mapafu yake yaliwahi kuugua zamani. Mumewe alilijua hilo. Kikohozi kilipoanza alisema ni baridi tu.

Mke alipolazwa, ndipo mume alipobeba bata wa kumi na moja hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari huyo alimpasua bata, akamwonyesha mzee mabaka ya kijani kwenye mifuko ya hewa, kama mkate uliooza.

"Hii siyo bakteria, mzee. Ni kuvu, ukungu unaovutwa pamoja na vumbi, na unga wako hauugusi kabisa. Nani anafagia banda?"

Dokta Bata alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea hospitali. Madaktari walibadilisha dawa siku ileile, lakini mapafu ya mkewe yalikuwa yameshaliwa. Siku ya nne mke akafariki.

FUNZO

Wafugaji wenzangu, dalili moja huletwa na magonjwa mengi. Usitibu usichokipima, usimfukie mnyama kabla hajachunguzwa, na majani yenye ukungu usimtandikie yeyote. Aibu ya kubeba bata aliyekufa huisha njiani.

Sasa Dokta Bata anafagia mwenyewe, pua na mdomo amevifunika, na kila bata anayekufa anampeleka maabara siku hiyohiyo.