Jina la Mtu wa Mashine

Midomo ya kwenye televisheni ilianza kwenda sawa na maneno. Claire ndiye aliyeliona hilo, kwa sababu wengine wote ukumbini walikuwa wakitukana.

Ukumbi wenyewe wa filimu ni sebule yake, pale mtaa wa Kimanga. Mumewe, Michée, ndiye aliyenunua televisheni, jenereta na kipaza sauti, akapigilia maturubai madirishani ili mchana uwe giza. Tangu vita vishuke uwandani, wanajeshi walikataza watu kutembea jua likizama, basi watazamaji walikuja baada ya chakula cha mchana na kuondoka mapema. Michée hakuwepo. Alikwenda kijijini Mutarule kuvuna mahindi ya mama yake, risasi zikalia, na tangu hapo hakuna aliyemwona, si mzima wala maiti.

Norbert, rafiki wa Michée, alibaki kuwa mfasiri. Filimu zile zinasema lugha za mbali, kwa hiyo yeye hukaa na kipaza sauti kando ya televisheni, midomo ya wageni ikitangulia, Kiswahili chake kikifuata nyuma. Na ili watu wasichanganyikiwe, humpa kila mtu wa filimu jina la mtaani.

Safari hii ilikuwa filimu ya vipande vingi, ya watu waliotengenezwa viwandani: ngozi kama yetu, meno kama yetu, machozi pia, ila ndani ni waya. Kimanga waliwachukia hadi raha. Walikuwa wakitoka wanatema mate, na kesho yake wanagombania mabenchi.

"Ile kitu inalia na haina roho," alisema Josée, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. "Machozi ni ya nini? Waichome."

"Na wanaiachia mutoto ibebe," mwingine akadakia. "Minye ningeimwangia maji ya moto."

Kazi ilikuwa kumpatia jina huyo mtu wa mashine aliyelia. Daktari aliyemtengeneza aliitwa Cyprien, na Cyprien wa kweli, fundi viatu, akavimba kichwa. Lakini nani angekubali kuwa mashine? Norbert alijaribu jina la Frédéric, mmoja wa watazamaji. Frédéric akaja juu, nusura wapigane. Akajaribu jina la jirani, mke wa jirani akaapa kuvunja televisheni. Basi akachukua jina la mtu ambaye hakuwepo kugomba. Akamwita Michée.

"Shemeji, ni ili jina lake lisisahaulike," alimwambia Claire.

Claire hakukataa. Ukweli usemwe, alipenda kulisikia. Mama mkwe wake, Geneviève, alishasema naye mara nyingi habari ya mgomba. Mtu akipotea vitani bila maiti, kwao hukata shina la mgomba, hulivika shati lake, hulizika kwa jina lake na kulilia; hapo matanga yanaisha na roho inajua kwake ni wapi. Claire aligoma. Kuzika mgomba ni kukubali kwamba Michée amekufa, na yeye bado alikuwa akimwekea sahani.

"Unamufunga mwana wangu njiani," Geneviève alikuwa akimwambia kwa uchungu. "Haiko kwa wazima, haiko kwa wafu. Jina lake linazurura."

Na sasa jina hilo lilitangazwa kila mchana kwa kipaza sauti, juu ya mwili usio na roho, mbele ya watu wanaopiga kelele auawe.

Siku ile ya kwanza midomo ya mtu wa mashine ilienda sambamba na Kiswahili. Siku iliyofuata ilimtangulia Norbert, yenyewe ikitamka Kiswahili. Watu walimpigia Norbert makofi, wakasema leo amekuwa hodari. Baadaye Norbert alimfuata Claire uani, uso umempauka.

"Shemeji, ile maneno ya mwisho, 'nimechoka kusimama inje'... haikuwa minye. Minye nilikuwa nimenyamaza."

"Nani basi?"

"Usiniulize. Ile ilikuwa sauti ya bwana yako."

Mwenye akili angezima jenereta. Lakini mke anayengoja hana masikio ya hofu, ana masikio ya mume tu. Kesho yake, mtu wa mashine alipoitwa na mtoto wa kwenye filimu, "Michée!", Claire alisikia mtu akiitikia polepole nyuma ya pazia la chumba chao cha kulala: "Niko."

Akainuka. Alisogeza pazia, na ndani hakuona mtu, ila godoro lilikuwa limebonyea upande wa ukutani, upande wa Michée, na harufu ya waya ulioungua ilipanda pamoja na harufu ya tope la mto Ruzizi, na alipouliza kwa kunong'ona, "Ni weye?", mkono ukamshika kutoka gizani, mkono laini wenye vidole vyote na kucha zote, wenye kila kitu cha mkono wa Michée isipokuwa joto na ule mpigo mdogo wa mshipa, na sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake, bila pumzi, "Claire, nipatie mwili."

Hakupiga kelele. Alitoka akakaa kati ya watu, huku Josée akilaani skrini. Jioni, jua halijazama, yeye mwenyewe alimwendea mama mkwe wake.

"Mama, tuzike mgomba."

Geneviève alimtazama, akamnusa mkono uliobaki na harufu ya waya, akaacha ukali wake wote. "Umeongea nayo?"

"Kidogo."

"Ile haiko mwana wangu. Ni jini ya njiani. Ilisikia jina halina mwenyewe, ikaingia mule."

Walizika asubuhi, uani. Shina lilivikwa shati la Michée la Jumapili. Watazamaji wote walikuja, wakalia vizuri, maana Michée alipendwa. Claire alilia kuliko wote, kwa kuwa alimuua mumewe kwa kinywa chake mwenyewe. Geneviève alipiga udongo kwa kiganja, akageuka akawaambia wote: "Michée amelala. Kuanzia leo, chochote kitakachokuja na uso wake ni ile jini. Asiitikiwe. Asifunguliwe."

Nyumba ikatulia. Harufu iliondoka. Norbert akampa mtu wa mashine jina lisilo la mtu, na filimu ikafika pale ambapo watu wa mji wanawatoa wale viumbe barabarani na kuwapiga mawe. Ukumbi mzima ulisimama kwa furaha.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Claire. Minye niko hai. Nifungulie."

Walitoka wote, wamejaa filimu kichwani. Juani alisimama mtu mwembamba, miguu pekupeku, mguu mmoja una kidonda, amekodoa macho bila kupepesa. Alikuwa na uso wa Michée.

"Wale wenye bunduki walinishikilia kule juu milimani, Bijombo, nikiwabebea mizigo," alisema. "Nimetoroka. Mama, nipe maji."

Geneviève alirudi nyuma. "Tulikuzika," akasema, na sauti yake ilikuwa ikilia.

Claire alimtazama miguuni. Nzi walikuwa kwenye kidonda. Jasho lilimtiririka shingoni, na mshipa wa pale ulikuwa ukipiga, ukipiga. Yule wa nyuma ya pazia hakuwa na mshipa. Akafungua kinywa kusema, "Ni yeye." Kipaza sauti kikamtangulia kutoka ndani, kwa sauti ya Norbert, ile sauti waliyozoea kuiamini kila mchana.

"Hiyo haina roho. Muipige."

Norbert alikuwa amesimama kando ya Claire. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Jiwe la kwanza lilikuwa la Josée. Claire alijitupa mbele, akapiga mayowe kwamba ni mtu, ni mtu, tazameni anatoka jasho, lakini mikono ilimvuta nyuma kwa huruma, wakisema masikini mke amerogwa, na mawe yakaendelea hadi yule mtu alipoanguka na damu ikaenea vumbini, nyekundu, nzito, damu ya mtu yeyote. Hapo wakaacha. Geneviève akapiga magoti, akafuta ule uso kwa kitenge, akaona kovu la jeraha la sikioni ambalo yeye mwenyewe aliliuguza Michée akiwa mchanga.

Kifua hakikupanda tena. Claire aliweka vidole shingoni, akatafuta mshipa, akaukosa.

Mama akamwinua kichwa mwanawe na kumwita, kama mama yeyote angeita. "Michée. Michée wangu. Michée."

"Mama, usiite," Claire alisema. "Nakuomba, usiite jina."

Ndani, kipaza sauti kikanyamaza. Nzi wakaondoka kwenye kidonda, wote kwa pamoja. Macho ya maiti yakafunguka na midomo ikasogea, na safari hii ilienda sawa kabisa na maneno.

"Niko."

Watu wakaangua kilio cha furaha. Josée alianguka akimshukuru Mungu. Wakamwinua, wakampangusa vumbi, wakamwingiza ndani hadi nyuma ya pazia, na Geneviève akamshika Claire mkono, machozi yakimtiririka.

"Nenda, mukwe wangu," akasema. "Pokea bwana yako."